Barfi Kwenye Mfuko wa Taka

"Mbweha ndiye aliyezifunga kwenye gazeti?" Mama Paresh aliuliza. "Mbweha ndiye aliyepiga fundo kwenye mfuko? Basi mbweha wa mtaa huu wana mikono."

"Mama, nakuomba, tuingie ndani tuongee," alisema Mama Miradie.

"Ndani kwa nani? Zimemwagwa nje, tutaziongelea nje."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Walthamstow, Uingereza, mwaka 2004, wiki moja baada ya Diwali. Taka zilikuwa bado hazijachukuliwa, na usiku mbweha walikuwa wamepita kama kawaida yao, wakachana mfuko mweusi wa Mama Miradie na kuuburuta mpaka mbele ya geti la jirani yake. Kwenye lami kulikuwa na maganda ya ndizi, mifupa ya kuku, na katikati ya hayo yote vipande vya barfi, vile vitamutamu vya maziwa na sukari vinavyopikwa mpaka vikaze kisha kukatwa kama vigae. Vilikuwa vingi. Vingine havijaguswa, bado vina pistachio juu na ile karatasi ya fedha inayoliwa. Mbweha wenyewe walivionja wakaviacha.

Mama Paresh alisimama juu ya barfi zake akiwa na kandambili, soksi, na sweta la mumewe juu ya sari. Mkononi alishika ufagio, lakini hakufagia. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, Mhindi wa Mwanza, mzaliwa wa kule, na Kiswahili chake hakikuwahi kupanda ndege, kilibaki vilevile kama siku alipoondoka. Mama Miradie alikuwa na nusu ya umri huo. Jina lake Josée, mtu wa Bukavu, na asubuhi ile alikuwa amevaa sare ya kazi chini ya koti, maana alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee na alikuwa anatoka kwenda kwenye zamu ya Jumamosi, inayoanza baadaye kidogo kuliko za katikati ya wiki. Nyumba zao ziligawana ukuta. Mmoja akikohoa mwenzake anasikia.

"Kila wiki nakuletea bakuli," Mama Paresh aliendelea. "Kila wiki unanirudishia bakuli limejaa maandazi. Nasema moyoni, jirani yangu kala, kafurahi, kanikumbuka. Kumbe unaosha bakuli tu."

"Maandazi nilipika kwa roho safi, mama."

"Roho safi inatupa chakula cha Diwali? Hizi niliziweka mbele ya Mungu wangu kwanza ndipo nikakuletea wewe. Wewe wa kwanza, kabla ya mwanangu. Paresh kaja kutoka Rayners Lane kakuta sahani nusu."

Ng'ambo ya barabara, mzee Douglas wa Jamaika alikuwa ametoka na kikombe chake, amesimama mlangoni kama mtu aliyelipia kiti. Hakuelewa neno, lakini aliuliza kwa sauti ya pole kama kuna mtu amefariki. Chancelle naye, msusi wa Edmonton aliyesali kanisa moja na Mama Miradie, na ambaye alikuja sokoni kununua nywele, alikuwa ametua mifuko yake chini na kusahau kuiokota. Huyo alielewa kila neno, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati mbaya.

"Nyamaza tu," alisema Mama Paresh. "Sababu naijua. Mchungaji wako kakwambia chakula cha Wahindi kimepitia kwa sanamu. Akikila Mkristo anaingiwa na shetani. Usinitazame hivyo, nimekaa na Wakristo kabla hujazaliwa."

"Si hivyo."

"Basi ni vipi?"

Mama Miradie aliinama akaanza kuokota barfi kwa mikono mitupu, moja moja, na kuzitia kwenye mfuko mwingine.

Mama Paresh aliingia ndani, akatoka na ufunguo wenye utepe mwekundu, akauning'iniza kwenye geti la jirani. Ulikuwa ufunguo wa nyumba ya Mama Miradie. Kila asubuhi, kwa miaka, Mama Paresh aliutumia kuingia kumwamsha Miradie, mtoto wa miaka tisa, kumpa chai na kumpeleka shule, maana zamu ya mama yake ilianza kabla hakujapambazuka.

"Mtafutie mtu asiye na sanamu," alisema, akafunga mlango.

Sasa, ukweli wa jambo lenyewe ulikuwa tumboni, na tumbo la Mama Miradie lilikuwa na historia ndefu. Tangu afike Uingereza lilimsumbua. Lilijaa upepo likawa gumu kama ngoma, lilinguruma mbele za watu, na mara nyingine akiwa katikati ya kumwogesha bibi kizee wa watu ilibidi amwombe mwenzake amshikilie sabuni, akimbie. Aliogopa mengi. Aliogopa vidonda vya tumbo, aliogopa ule ugonjwa ambao watu wa kanisani wakiutaja hushusha sauti, aliogopa kwamba kuna mtu nyumbani amemfunga kwa uchawi. Kila alipotembelewa na hofu alikunywa maziwa ya moto, kwa sababu aliambiwa maziwa yanatuliza tumbo. Tumbo likazidi.

Daktari wa kliniki ya mtaa alimsikiliza, akamuuliza anakula nini toka asubuhi. Maziwa kwenye uji, chai ya Mama Paresh iliyochemshwa kwa maziwa matupu, mtindi wa Mama Paresh, barfi za Mama Paresh. Daktari akamwambia huenda wala si ugonjwa. Watu wengi duniani, na wengi zaidi kutoka Afrika na Asia, wakishakua miili yao haiwezi tena kuisaga sukari iliyomo kwenye maziwa. Aache maziwa na vitu vyake kwa wiki chache, waone.

Aliacha, na tumbo likanyamaza. Alipoonja tena kikombe kimoja cha chai ili ahakikishe, hakufika hata kituo cha basi. Basi, jibu likawa limepatikana.

Lakini kuacha nako kulikuwa na mambo yake. Miezi ya mwanzo alikonda, akawa anachoka hovyo, kwa sababu alitoa uji wa maziwa asubuhi na mahali pake hakuweka kitu. Akina mama wa kwaya wakaanza kumtazama mashavu. Aliporudi kwa daktari aligombezwa kwa adabu: maziwa yana madini ya mifupa, na mtu anayeyaacha lazima madini hayo ayapate kwingine, la sivyo mifupa itakuja kumdai uzeeni. Ndipo akaanza kula ndagala, wale samaki wadogo wakavu, wazima wazima pamoja na miiba yao, na mboga za majani, na maharage, na kununua maziwa ya soya yaliyotiwa madini. Ya soya aliyaona yana ladha ya karatasi iliyolowa, lakini alikunywa. Mwili ukarudi. Hakuna aliyejua isipokuwa Miradie, na Miradie alionywa asiseme.

Kwa nini hakumwambia jirani? Hapo ndipo watu wa mahali pengine hushangaa, lakini mtu wa Bukavu hashangai. Kule humwambii anayekulisha kwamba chakula chake kinakuumiza tumbo. Ukisema hivyo hujazungumzia tumbo, umezungumzia sumu. Kuna sumu ya polepole inayoogopwa kule kuliko risasi. Mgeni hufunguliwa soda mbele ya macho yake, na mwenye nyumba huonja kwanza pombe anayomkaribishia. Mama Miradie aliwahi kuona ukoo mzima ukihama mtaa kwa sababu shemeji mmoja, baada ya kula arusini, alisema kwa sauti, "Tumbo linanikata." Hakusema zaidi ya hapo. Hakuna aliyemuuliza amemaanisha nini.

Kukataa bakuli mlangoni nako hakuwezekani, ni kumkataa mtu mwenyewe. Kwa hiyo alipokea, alishukuru, alirudisha bakuli limejaa. Barfi alimpa Miradie mpaka mtoto akazichoka, akampa Chancelle mpaka Chancelle akasema jino linauma. Kazini wazee wengi walikuwa na sukari, hawakuruhusiwa. Zilizobaki alizifunga kwenye gazeti kama mtu anayezika kitu, akazitia kwenye mfuko. Diwali ilipofika zilikuja nyingi kuliko kawaida, na mbweha wakafanya yao.

Jumapili, Chancelle alifika kanisani mapema kuliko siku zote.

Kanisa lilikuwa kwenye ukumbi wa kukodi huko Edmonton, juu ya duka la matairi. Habari ilipotoka kinywani mwa Chancelle ilikuwa bado na mbweha. Ilipofika kwa mke wa mpiga kinanda mbweha alikuwa ameshatoweka. Ilipomfikia shemasi Elkana, mwanamume mrefu mwenye suti ya kahawia na sauti ya redio, Mama Miradie alikuwa amezibeba barfi zile mwenyewe na kuzimwaga mbele ya mlango wa Wahindi, akitaja jina la Bwana.

Mchungaji alilitaja jambo hilo kwenye mahubiri. Alisema yuko dada kati yetu ambaye, katika nchi hii ambapo watu wanakula kila kitu kwa kila mtu, amekataa meza ya sanamu. Ukumbi ukapiga makofi. Mama Miradie aligeuka nyuma kumtafuta dada huyo, akaona kila mtu anamtazama yeye.

Baada ya ibada Elkana alimfuata kwenye ngazi. "Jumapili ijayo utatoa ushuhuda," alisema. "Watu watatiwa nguvu."

"Shemasi, ile mambo haiko vile munasema."

"Unyenyekevu ni mzuri, lakini usizidishe. Na tena nimesikia yule mama amekurudishia ufunguo, huna wa kukaa na mtoto asubuhi. Tumeshaongea. Baada ya ushuhuda wako, akina mama watapanga zamu. Kila asubuhi mmoja atakuja kwako. Kanisa halimwachi mtu aliyesimama."

Mama Miradie alishuka ngazi. Maneno ya Elkana yalikuwa na uzito, kwa sababu shida ya asubuhi ilikuwa shida ya kweli. Kuanzia Jumatatu alimwamsha Miradie gizani, wakapanda basi mpaka Edmonton kwa Chancelle, akamwacha mtoto kwenye kochi mpaka saa ya shule, akapanda basi jingine kurudi kazini. Alichelewa Jumatatu, akachelewa Jumanne. Miradie alilalamika kwa Kiingereza njia nzima. Alitaka kujua kwa nini asirudi kwa Ba, yaani bibi, kama alivyomwita Mama Paresh, na kwa nini mama yake asimwambie tu kwamba ni maziwa.

"Weye nyamaza," alisema mama yake. "Mambo ya wakubwa."

Miradie alijibu, kwa Kiingereza vilevile, kwamba wakubwa ndio wanaopanda mabasi mawili kwa sababu ya pipi.

Alhamisi, msimamizi wake kazini, Jaspreet, alimwita pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia zamu za asubuhi zinagombewa, na kama atachelewa wiki inayofuata itabidi ampe mwingine, yeye ahamie usiku. Mama Miradie alimjua vizuri Jaspreet, hasemi kitu mara mbili. Usiku hauwezekani kwa mwanamke mwenye mtoto mmoja na hana mume wa kubaki nyumbani. Ama apate mtu wa asubuhi, ama aache kazi.

Na mtu wa asubuhi alikuwapo, anamngoja kanisani. Ilibidi tu akubali kwamba yeye ndiye yule dada.

Upande wa pili wa ukuta mambo hayakuwa matamu pia. Mama Paresh alikuwa ameamka kila siku saa ileile, akavaa, akakaa jikoni. Mumewe, mzee Harish, ambaye alikuwa na kaduka ka vyombo na nyuzi karibu na soko, alimwambia Douglas kwamba mkewe siku hizi anazungumza na redio. Kigujarati alikuwa na wa kuzungumza naye, Kiingereza alikuwa na majirani wengine. Kiswahili chake alikuwa anakizungumza na mtu mmoja tu, kwenye ua, wakianika nguo, kila mmoja akiusema mtaa mzima kwa raha zake. Mwaka uliotangulia alipoteleza kwenye barafu akavunjika kifundo cha mkono, ni Mama Miradie aliyemfunga sari kila asubuhi mpaka plasta ilipotolewa. Tangu hapo Mama Paresh alikunywa maziwa glasi mbili kwa siku kwa ajili ya mifupa, na kumhimiza kila mtu anywe. Hata postamani alihimizwa.

Jumapili ikafika. Mama Miradie alivaa kitenge chake cha bluu. Kwaya ikaimba, Elkana akashika kipaza sauti, akamtambulisha kwa maneno mengi, akampa.

"Bwana asifiwe," alisema Mama Miradie.

Wakaitikia.

"Mulisikia kama nilitupa chakula ya jirani yangu. Ni kweli, nilitupa. Lakini sababu haikuwa sanamu. Nilitupa juu ya tumbo."

Mpiga kinanda akaondoa vidole kwenye kinanda.

"Miye nikikula kitu ya maziwa, tumbo inajaa upepo. Inajaa, inajaa, na kisha..." Alitafuta neno la kanisani, hakulipata. "Na kisha munajua wenyewe. Daktari alisema niache. Niliacha, nikapona. Nilikuwa na haya ya kumwambia yule mama, nikakuwa nazitupa. Ndiyo hiyo tu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Elkana alisogea karibu.

"Kwa hiyo, dada," alisema taratibu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mlango wa kutokea, "hata bila shida ya tumbo, bado usingekula. Ndivyo unavyosema."

"Hapana, shemasi. Ningekula. Nilikula miaka yote, na nilikuwa naimba kwaya hapa hapa."

Mchungaji aliomba wimbo. Ulikuwa wimbo mrefu. Baada ya ibada hakuna aliyetaja zamu za akina mama, na Elkana alikuwa na shughuli nyingi sana za kukunja viti. Lakini kwenye foleni ya choo mama mmoja mnene alimshika Mama Miradie mkono, akamsogezea mdomo sikioni, akamuuliza yale maziwa mengine yanaitwaje na yanauzwa wapi. Kabla hajamaliza kumjibu wakaja wawili zaidi. Mmoja alisema yeye miaka kumi anadhani ni mchawi wa ukoo wa mume wake.

Chancelle wakati huo alikuwa ameshashuka ngazi. Uzi wake wa kusukia ulikuwa umekwisha, na duka la mzee Harish lilifunguliwa hata Jumapili. Alimkuta Harish na mkewe wote wawili nyuma ya kaunta. Alinunua uzi. Akaongeza sindano. Kisha akasimulia.

Kwa hiyo Mama Miradie aliposhuka kwenye basi na mtoto wake jioni, wakakunja kona, Mama Paresh alikuwa getini anamngoja. Safari hii hakuwa na ufagio.

"Umesimama mbele ya watu," alisema. "Kwenye kipaza sauti. Umewaambia watu nisiowajua kwamba chakula changu kinakupeleka chooni."

"Sikutaja jina yako."

"Una jirani Mhindi wa pili? Kesho nitapita sokoni, kila Mkongo atanitazama mikono kama nanawa au sinawi. Bora ungeendelea na sanamu. Ya sanamu ningevumilia, ni ujinga tu. Hii ni uchafu."

Mama Miradie aliweka mkoba chini. Lile aliloliogopa kwa miezi lilikuwa limefika kwa miguu yake mwenyewe, tena kwa njia ya basi la Edmonton. Labda ndiyo sababu alizungumza sasa, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuficha.

"Ni juu ya sababu ile sikukuambia," alisema. "Kwetu ukisema chakula ya fulani imekuumiza tumbo, umesema amekuwekea sumu. Watu wanaacha kumsalimia. Watoto wake hawaoleki. Nilisema, huyu mama amenishikia mtoto, nitamwitaje mchawi?"

Mama Paresh alimtazama. "Ulifikiri nitadhani umeniita mchawi?"

"Ndiyo."

"Mimi?"

"Weye si umesema sasa hivi unaona uchafu? Kwetu ni zaidi ya hapo."

Mlango wa Mama Paresh ulikuwa wazi, na ndani kwenye kiti chake Harish alikuwa na gazeti usoni. Hakuna asiyejua kwamba Harish husoma ukurasa mmoja kwa saa nzima kama kuna ugomvi.

"Maziwa hayaumizi mtu," Mama Paresh alisema mwishowe, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Maziwa ni dawa. Nimevunjika mkono, daktari kasema maziwa."

"Kwako, ndiyo. Daktari yangu amesema niache, lakini nitafute mifupa kwingine. Nakula ndagala na vichwa vyao."

"Samli je?"

"Samli kidogo hainisumbue. Chai yako ndiyo inaniua. Na barfi."

"Barfi," alirudia Mama Paresh. "Na hukusema. Ungesema umeweka nadhiri ningekuelewa. Mama yangu mzazi alikwenda hija Kashi, India. Anayekwenda kule huacha chakula kimoja, anamwachia Mungu mpaka kufa. Yeye aliacha maziwa. Nyumba nzima Mwanza ilinywa chai ya maziwa, yeye ya rangi na tangawizi. Hakuna aliyemsumbua, tulimheshimu. Lakini ni kwa ajili ya Mungu. Si kwa ajili ya..." Alionyesha tumbo la Mama Miradie kwa mkono.

Gazeti lilishuka.

"Mama yako aliacha maziwa kabla hajapanda meli," Harish alisema kutoka ndani.

"Unasema nini?"

"Nilikaa mlango wa tatu toka kwenu, kule Mwanza. Vyoo vilikuwa uani, vyetu na vyenu pamoja. Kila alipokunywa chai kwa watu, tulimpisha. Mama yangu alikuwa anatuambia watoto, mpisheni huyo. Kisha akaenda Kashi, akarudi na nadhiri, akapumzika."

Mama Paresh aligeuka, akamtazama mumewe muda mrefu. Ungeweza kuona anarudi nyuma, anahesabu vikombe.

"Miaka arobaini tumeoana," alisema, "leo ndiyo unaniambia?"

"Ulikuwa unajivunia sana ile nadhiri. Na pengine ilikuwa nadhiri kweli, mimi sijui. Mtu anaweza kumpa Mungu kile kisichomfaa, Mungu hakatai." Akainua gazeti.

Ng'ambo ya barabara Douglas alikuwa ameshatoka na kikombe chake. Alipoona hakuna anayepiga kelele alikata tamaa, akarudi ndani.

Mama Paresh alishika nguzo ya geti, ya upande wa Mama Miradie. "Mtoto asubuhi unampeleka wapi?"

"Edmonton. Kwa Chancelle."

"Kwa yule mwenye mdomo?"

"Siko na mwingine. Wiki hii nikichelewa, wananiweka usiku."

"Kesho mwache kitandani alale. Unirudishie ufunguo, nitakuja kumwamsha mimi. Chai yake ataendelea na ya maziwa, yeye tumbo lake ni zima, nimeliangalia tangu ana miaka minne."

Miradie alisema kwa Kiingereza kwamba anakubali, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Asante, mama," alisema Mama Miradie. Aliokota mkoba wake. Alikuwa amechoka, hajala tangu asubuhi, na harufu ya vitunguu ilikuwa inatoka kwenye ule mlango uliokuwa wazi.

"Unakwenda wapi sasa? Nimesonga ugali. Kuna mchicha wa nazi na bilinganya. Maziwa hamna hata tone, nilipika kwa hasira nikasema nikuonyeshe kwamba chakula changu hakimuumizi mtu."

Mama Miradie alisita kidogo. Yale mahubiri ya meza ya sanamu yalikuwa bado masikioni, hata kama hakuyapenda. Zamani alikula bila kujua chakula kimepitia wapi, wala hakuuliza. Sasa alikuwa anajua.

"Mama, ile chakula," aliuliza kwa upole, "nayo umeiweka mbele ya Mungu wako?"

"Kila kitu kwangu kinapita kwake kwanza. Hata chumvi."

Walisimama pale, geti katikati yao.

"Na siye kwetu hatukule bila kuombea," alisema Mama Miradie.

"Basi kitaombewa mara mbili," Harish alisema nyuma ya gazeti. "Nani amewahi kufa kwa hilo?"

Mama Paresh alivuta geti mpaka likafika mwisho wake. "Miradie, viatu hapo mlangoni. Mama yako ataombea kwa namna yake, na kwa kifupi. Ingieni mkale, ugali unapoa."